Manowari Turner Joy na Hukumu ya Usiku Mmoja

Zilikuwapo manowari nyingi za Marekani zilizotumika miaka mingi katika bahari za Asia, zikarejea kwao pasipo majina yao kujulikana ila na mabaharia waliozipanda. Lakini Turner Joy, distroya iliyotimiza miaka 5 ya utumishi jana yake tu, iliingia katika tarehe ya dunia kwa kazi ya usiku mmoja, usiku wa tarehe 4 Agosti 1964, katika Ghuba ya Tonkin. Siasa za kadhia ile zimeandikwa sana, ilhali kazi ya rada, sona, usukani na mizinga, ambayo ndiyo chimbuko la yote, mara nyingi hupitwa kwa maneno mawili matatu. Nami nataka kuichambua hiyo.

Manowari hii iliundwa Seattle, ikashushwa majini mwaka 1958, ikapewa jina la Amiri Charles Turner Joy, aliyeuongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa katika mazungumzo ya kusitisha vita vya Korea. Ilikuwa miongoni mwa distroya 18 za aina ya Forrest Sherman, yenye urefu wa mita 127 na mwendo wa zaidi ya maili 30 za bahari kwa saa. Ilichukua mizinga 3 ya inchi 5 iliyojishindilia yenyewe kwa mitambo, na kila mmoja ulikadiriwa kutupa makombora 40 kwa dakika. Wasanifu wake walikuwa wamefupisha mno muda uliopo baina ya kumwona adui na kumpiga. Muda wa kuhakikisha kwamba aliyeonekana ni adui kweli haukufupishika kwa kadiri hiyo.

Tarehe 2 Agosti, mchana kweupe, mashua 3 za topido za Vietnam ya Kaskazini ziliishambulia distroya kongwe zaidi iitwayo Maddox, na shambulio hilo halina shaka, kwani pande zote mbili zimelikiri. Turner Joy ikaletwa kuungana nayo, na usiku wa tarehe 4 zote mbili zilikuwa mbali na pwani, chini ya uongozi wa Kamodoro John Herrick aliyekuwa ndani ya Maddox, katika giza lisilo na mwezi, mawingu yameshuka na radi zikipiga, na kila mtu akilitazamia shambulio la pili.

Msikilizaji wa sona katika Maddox aliripoti topido moja baada ya nyingine, hata hesabu ikapita 20. Kila taarifa ilipomfikia nahodha, yeye, kama ilivyompasa, aliamuru usukani ukatwe kwa nguvu ili meli ikwepe. Na hapo ndipo lilipokuwa fumbo, kwani meli igeukapo kwa kasi, mlio wa rafadha zake hugonga bapa la usukani uliopinda, ukarudi hadi kwenye sona iliyo chini upande wa omo, mfano wa mtu apigaye ukelele kisimani akaitikiwa na sauti yake mwenyewe. Hivyo kuikwepa topido ya kwanza kukazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya tatu. Mashua moja ya adui ilichukua topido 2 tu. Basi idadi ile ingehitaji mashua zaidi ya 10.

Upande wa rada mambo yalikuwa kinyume. Turner Joy iliona shabaha ambazo Maddox haikuziona, ikazitupia makombora zaidi ya 200. Lakini sona ya Turner Joy haikusikia topido hata moja kati ya zile zilizoripotiwa na mwenzake. Baadhi ya mabaharia wake walishuhudia kwamba waliona mkondo wa topido na umbo la mashua gizani, na sina haki ya kuwaita waongo. Ila macho yaliyokwisha kuambiwa kwamba adui yupo huona mengi katika povu la mawimbi. Mashahidi wawili wakitofautiana hivi, kila mmoja akilithibitisha lile ambalo mwenziwe analikanusha, kadhi mwenye hadhari haandiki hukumu.

Herrick alitanabahi. Kabla ya mapambazuko alipeleka taarifa kwamba nyingi katika habari zile zilikuwa za mashaka, akataja hali ya hewa iliyoivuruga rada na msikilizaji wa sona aliyetaharuki, akashauri uchunguzi kamili ufanywe kabla ya hatua nyingine. Muda wa saa 10 hivi baadaye, Rais Johnson alilitangazia taifa lake kwamba ndege zimekwisha kutumwa kulipiza; na tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio kwa kura 416 bila mpinzani, na Seneti kwa 88 dhidi ya 2. Azimio hilo ndilo lililokuwa hoja ya kisheria ya vita vya Vietnam, vilivyoua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam wengi mno kuliko hao. Uchunguzi wa mwanahistoria Robert Hanyok, uliotolewa hadharani mwaka 2005, ulionyesha kwamba hata jumbe za siri za Vietnam ya Kaskazini zilizonaswa, zilizodhaniwa kuwa ushahidi mkubwa, hazikuhusu shambulio lolote la usiku ule.

Tarehe 18 Septemba 1964, distroya mbili za jinsi ileile ya Turner Joy, Morton na Richard S. Edwards, zilifyatua mizinga usiku katika ghuba hiyohiyo kwa shabaha za rada, wala hapakuokotwa hata ubao. Safari hii Johnson alikataa kulipiza.

Turner Joy iliendelea kupiga mizinga pwani ya Vietnam mwaka baada ya mwaka. Oktoba 1965 kombora lililokwama liliripuka katika mzinga wake mmoja, likaua mabaharia 3. Ilikuwako hadi vita vilipositishwa Januari 1973, ikastaafishwa mwaka 1982, na leo ni makumbusho mjini Bremerton, katika jimbo la Washington.

Sioni sababu ya kuwalaumu waliofyatua mizinga usiku ule, kwani baharini anayengoja yakini huenda akazama kabla haijamfikia. Bali waliokuwa serikalini mjini Washington hawakuwa na topido iliyowaelekea. Walikuwa na fursa ya kulinganisha kumbukumbu za meli mbili, kungoja jua, na kumsikiliza kamodoro wao wenyewe. Na kwa kuwa walikuwa na fursa hiyo wakaiacha, dhima ni yao.