Kitovu cha Kikapu

Anayejifunza kusuka huteseka zaidi siku ya kwanza. Kikapu cha mzingo, kama wanavyokisuka wanawake wa Kikonzo huko Uganda kuanzia Kasese hadi Bwera, huanza na kitovu kidogo kuliko ukucha: mabua machache membamba yaliyolowekwa yakalainika, yakaviringishiwa rafia, yakakunjwa na kushonwa yasifumuke. Vidole vigeni hukaza mno, au hulegeza. Kitovu kikilegea hakisemi kitu leo. Kitasema siku nyingi baadaye, kikapu kikiwekwa mezani kikayumba, na dawa ni moja tu: kufumua hadi mwanzo.

Kazi hii ingefaa hata gerezani, lakini wanawake walio kifungoni Uganda wakifundishwa kazi za mikono, sifa huenda kwanza kwa cherehani. Sina ugomvi na cherehani. Ila mwenye kuijua akimaliza kifungo, yenyewe hubaki gerezani, na bei ya nyingine si ya mtu anayerudi kwao na nauli tu. Msukaji hahitaji umeme wala meza. Anahitaji sindano nene, rafia, na mabua ya ulezi yanayobaki shambani baada ya mavuno.

Halafu kazi yenyewe hukaa pajani. Sheria ya Magereza ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mama kukaa na mtoto wake mchanga hadi miezi 18, na mtoto hangoji safu iishe ndipo alie. Mama huweka kikapu chini, hunyonyesha, hukiokota tena. Wafungwa wakiitwa kuhesabiwa, vivyo hivyo. Hakifumuki, kwa kuwa kila mshono umeuma mzingo wa chini yake. Kitu pekee cha kuchungwa ni sindano, maana gerezani chuma chenye ncha nacho huhesabiwa.

Mtazame sasa msukaji aliyekwisha kuzoea. Duara linapopanuka, mishono lazima iongezeke. Akiongeza mingi mno, kitako hufanya mawimbi. Akiongeza michache, hujikunja kama bakuli. Kosa hilo la pili ndilo analoligeuza kuwa ufundi atakapotaka kusimamisha ukuta: huacha kuongeza, hulaza mzingo mpya juu ya uliotangulia badala ya kuulaza pembeni, na kikapu huinuka. Hana rula wala karatasi. Ua linalochanua upande mmoja lilikwisha kupigiwa hesabu kichwani safu kadhaa kabla rangi haijabadilishwa, na ncha ya uzi wa zamani imezikwa ndani ya mabua isionekane.

Rangi nazo zina jiko lake. Bizari ya manjano huchemshwa ikatoa rangi ya njano kali. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya kutu. Rafia hutiwa humo ingali imelowa maji, hugeuzwageuzwa, huanikwa kivulini. Ukiharakisha, uzi mmoja hutoka na madoa matatu.

Kikapu kikikamilika hungoja mnunuzi. Bwera iko jirani na mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo ni Kasindi, Kongo, kwa Wanande, ndugu wa Wakonzo kwa lugha na damu. Biashara ya hapo huvuka kwa Kiswahili na Kikonzo. Mnunuzi mgeni husifu maua ya ubavuni. Mama anayetafuta chombo cha kuwekea bundu, yaani ugali wa muhogo, hukipindua kikapu kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya kitovu, ndipo aulize bei.