Nani Anawakimbiza Mababu? Uhakiki wa Gemu la Ancestors

Wahakiki wetu wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Katika makala haya natumia kipimo hichohicho kwa kazi ambayo si kitabu wala tamthiliya. Ni gemu la kompyuta liitwalo Ancestors: The Humankind Odyssey, lililotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Panache Digital Games ya Montreal, Kanada, chini ya Patrice Désilets. Atakayeuliza gemu linahusianaje na fasihi, jibu ni fupi: lina wahusika, mandhari, migogoro na falsafa. Tena mandhari yenyewe ni Afrika na wahusika ni mababu wa watu wote. Basi na sisi tunayo haki ya kusema.

Kisa chake ni hiki. Mchezaji anauongoza ukoo wa zamadamu kuanzia miaka milioni 10 iliyopita hadi milioni 2 iliyopita. Anatafuta chakula, anakwepa chatu, mamba na paka wakubwa wenye meno marefu, anabeba watoto mgongoni, anagonga mawe. Kila anachojifunza kinafungua seli za ubongo wake. Vizazi vinapita, halafu ukoo unaruka mbele miaka mingi kwa mpigo.

Nianze na sifa, maana zipo. Gemu linakuonya mapema kwamba halitakusaidia sana, na kweli halikusaidii. Ukishika tawi, uhangaike mwenyewe mpaka ugundue kwamba linaweza kupukutishwa majani na kutumbukizwa kwenye kichuguu. Hapo watunzi wamesoma: mwaka 1960 Jane Goodall aliwaona sokwe wa Gombe, Kigoma, wakivua mchwa namna hiyo. Woga nao umetumika kama sehemu ya fani. Mhusika akiingia eneo asilolijua, rangi zinafifia na sura za wanyama wakali zinamzunguka gizani. Nililicheza wakati wa likizo kwetu Ibadakuli, Shinyanga, na wadogo zangu waliokuwa wanatazama walinyamaza kimya. Si mchezo!

Sasa dosari. Kwa upande wa fani, karibu kila tendo linategemea kusikiliza mlio na kuachia kitufe kwa wakati wake. Ukigonga jiwe, mlio. Ukimkwepa mnyama, mlio. Baada ya saa kumi hujioni mwindaji wala mwindwaji, unajiona mpiga ngoma. Ndugu zako wa ukoo nao ni wahusika bapa hasa: muda mwingi wamekaa tu wakikungojea wewe ufikiri kwa niaba yao. Ukoo mzima unakuwa na akili moja, ya mchezaji.

Dosari ya pili inagusa uhalisia. Ujuzi alioupata mzazi unakazwa kwenye ubongo na kupitishwa kwa kizazi kijacho kana kwamba ni rangi ya macho. Haya ni mawazo ya Lamarck, ambayo elimu ya viumbe iliyaacha zamani. Kweli, gemu linayo pia mabadiliko ya kuzaliwa nayo, lakini mzigo mkubwa unabebwa na mazoezi ya mzazi. Jamani, fundi seremala hazai mtoto anayejua kupiga randa! Mtoto anafundishwa. Na kufundishana ndiko kungewapa wale ndugu waliokaa kazi ya kufanya.

Lakini kubwa kuliko zote ni falsafa yake. Kila ukoo unaporuka mbele, gemu linakupimia: je, umeitangulia sayansi au umechelewa? Mageuzi yamefanywa mbio za njia moja. Ardhi yetu inatoa ushahidi tofauti. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, la miaka milioni 1.75 hivi. Mwaka 1964 zamadamu mwingine wa bonde hilohilo na zama hizohizo alipewa jina la Homo habilis. Kule Laetoli, ambako nyayo za miaka milioni 3.66 zilifukuliwa mwaka 1978, uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 umeonyesha kwamba nyayo nyingine za karibu ni za zamadamu aliyetembea kwa namna yake. Mabinamu walikuwa wengi. Zinj hakuwa mwanafunzi aliyefeli mtihani: aina yake iliishi zaidi ya miaka milioni moja, na sisi tuna laki tatu tu. Katika gemu hili Zinj hana pa kukaa. Ama unasonga mbele, ama ukoo umekwisha.

Linganisha na ngano ya Wasukuma ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limewameza watu wote, amebaki mama mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe anakua, analiua zimwi, analipasua tumbo na watu wanatoka. Lakini kisu kimemkata sikio bibi kizee mmoja, naye hashukuru, anadai! Shujaa inabidi amtafutie dawa. Ngano inajua kwamba kunusurika kunaacha madeni, na kwamba aliyeumia ana la kusema. Gemu la kina kiasi hiki halina bibi wa kulalamika. Aliyekufa nyuma ni hesabu iliyopungua.

Kwa nini nashupalia jambo hili? Kwa sababu ngazi hiyo ya waliotangulia na waliochelewa haikuishia kwa zamadamu. Wakoloni waliitumia kupanga makabila, na mpaka leo kijana anayetoka Shinyanga au Geita anaambiwa kwao wamebaki nyuma, wakati almasi na dhahabu ya kwao vimeshatangulia. Sidhani watunzi walikusudia hilo. Hata hivyo mhakiki hapimi nia, anapima kazi iliyo mbele yake.

Kwa ujumla Ancestors imefaulu kutuonyesha woga wa babu zetu, imeshindwa kutuonyesha ujamaa wao. Mwenye kompyuta na alicheze. Ila akimaliza, kama yuko Dar es Salaam, apite Makumbusho ya Taifa akamwamkie Zinj, binamu ambaye gemu limemsahau.