Faili Namba 291 na Ubishi wa Masasisho

Usiku wa Alhamisi, Julai 18, 2024, saa tano na dakika tisa kwa saa za Texas, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, yenye makao yake Austin, ilituma faili ndogo, namba 291, kwa kompyuta za wateja wake duniani kote. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa moja na dakika tisa asubuhi ya Ijumaa. Dakika 78 baadaye kampuni iliiondoa faili hiyo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka.

American Airlines, ambayo makao yake ni Fort Worth, ilisimamisha ndege zake. United, yenye moja ya vituo vyake vikuu katika uwanja wa George Bush mjini Houston, nayo ikasimamisha. Houston hiyohiyo ilikuwa haijapona Kimbunga Beryl, kilichopiga Julai 8 na kuwakatia umeme wateja zaidi ya milioni mbili. Sasa Harris Health, inayoendesha hospitali za umma za eneo hilo, ilitangaza kusitisha ziara za hospitali na kuahirisha matibabu yasiyo ya dharura. Dallas, Southwest Airlines iliendelea kuruka kama kawaida.

Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Ilisemekana Southwest imenusurika kwa sababu bado inatumia Windows 3.1, mfumo wa mwaka 1992. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima na haikuwa na ushahidi wowote. Iliwafurahisha watu kwa kuwa iliunga mkono imani ambayo wengi wetu tunayo kuhusu kompyuta: kama inafanya kazi, usiiguse. Wapo wanaoapa kwamba kila sasisho la Windows linaharibu kuliko linavyotengeneza, na wapo wanaojibu kwamba asiyesasisha anawaachia wadukuzi mlango wazi. Wengine husema suluhisho ni kuhama kabisa, uende Linux au ununue Mac. Nimeusikiliza ubishi huu miaka mingi, na naamini pande zote hubishania kasi ya masasisho huku zikiacha kuuliza yanafikaje kwenye mashine. Faili namba 291 inalionyesha jambo hilo waziwazi, kwa hiyo tuifungue.

Programu ya ulinzi ya CrowdStrike hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, mahali penye mamlaka juu ya kila kitu: kumbukumbu, diski, mtandao. Hukaa huko ili imwone mdukuzi kabla hajajificha. Masasisho yake ni ya aina mbili. Kuna matoleo mapya ya programu yenyewe, ambayo hujaribiwa kwa muda na kutolewa taratibu. Na kuna mafaili madogo ya maelekezo, yanayotumwa mara kwa mara, wakati mwingine mara kadhaa kwa siku, kuieleza programu ni tabia gani mpya za wadukuzi izitafute. Faili 291 ilikuwa ya aina hii ya pili. Jina lake liliishia na .sys kama draiva, lakini haikuwa draiva bali orodha ya maelekezo.

Februari 2024 CrowdStrike iliongeza katika programu yake uwezo wa kutambua mashambulizi yanayopitia njia ambazo programu huzitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe ndani ya Windows. Kiolezo cha uwezo huo kilitaja vipengele 21 vya kukaguliwa. Sehemu ya programu iliyopaswa kuvipeleka vipengele hivyo ilipeleka 20 tu. Kosa hilo lilijificha kwa miezi mitano, kwa sababu katika majaribio, na katika maelekezo yaliyotumwa Machi na Aprili, kipengele cha 21 kilijazwa alama yenye maana ya "chochote kile". Palipo na alama hiyo, programu haina haja ya kwenda kusoma kitu. Faili ya Julai ndiyo ya kwanza kutaka kipengele cha 21 kilinganishwe na thamani maalumu. Programu ikaenda kukitafuta. Ni kama karani aliyekabidhiwa karatasi yenye majibu 20 na kuamriwa asome la 21 kwa sauti.

Katika programu ya kawaida, kama kivinjari au ya kuandikia barua, kosa hilo lingeifunga programu hiyo tu, ukaifungua tena na kuendelea. Ndani ya kerneli mambo ni mengine. Kerneli ikisoma eneo la kumbukumbu lisilo lake, Windows husimama papo hapo ili data isiharibike, na skrini hugeuka bluu. Ukiiwasha upya, programu ya ulinzi huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kuamka, husoma faili ileile, na mashine huanguka tena, mara zote utakazoiwasha.

Nadhani jambo zito kuliko yote ni hili. Wateja wengi wa CrowdStrike walikuwa waangalifu. Mipangilio iliwaruhusu wabaki toleo moja au mawili nyuma ya lililo jipya, ili wengine watangulie kukutana na matatizo. Lakini ruhusa hiyo ilihusu programu yenyewe tu, si mafaili ya maelekezo, ambayo yalimfikia kila mteja kwa mpigo mmoja. Aliyekuwa mwepesi wa kusasisha alianguka na aliyekuwa mzito alianguka vilevile, kwa sababu uamuzi haukuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Kilichotakiwa kuizuia faili mbovu kilikuwa programu ya kukagua maelekezo kabla hayajatumwa. Nayo ilikuwa na kasoro yake, ikaipitisha faili.

Matengenezo yalikuwa rahisi kuyaeleza na mazito kuyafanya. Fundi alitakiwa awe mbele ya kompyuta, aiingize kwenye hali ya uokoaji, afike kwenye folda ya C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike, afute faili inayoanza na C-00000291, kisha aiwashe upya. Ni kazi ya dakika chache kwa mashine moja. Lakini kampuni nyingi husimba diski zao kwa BitLocker, na mashine kama hiyo haikuruhusu kuifikia folda mpaka uiingizie ufunguo wa tarakimu 48. Mtu anasoma tarakimu hizo kwa simu, mwingine anazipiga moja moja, akikosea anaanza upya, kisha anahamia meza ya pili. Baadhi ya mashirika yalikuwa yamehifadhi funguo hizo kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka.

Kulikuwa na njia nyingine iliyowashangaza wengi. Microsoft iliwashauri wenye mashine kwenye huduma yake ya wingu, yaani seva zake za mtandaoni, wajaribu kuziwasha tena na tena, hata mara 15. Ushauri huo ulikuwa na mantiki. Kati ya kuamka na kuanguka, mashine hupata sekunde chache za mtandao. Ikibahatika kupakua faili iliyorekebishwa kabla haijaisoma mbovu, inapona. Fikiria hilo lifanyike kwa wodi nzima ya hospitali, na kila mashine ichukue nafasi yake katika mbio hizo.

American ilitangaza kwamba kufikia saa kumi alfajiri kwa saa za Dallas shughuli zake zilikuwa zimerejea. Delta ya Atlanta ilichukua siku tano na kufuta safari zipatazo 7,000. Delta ilikwama kwa sababu mfumo wake wa kuwapanga marubani na wahudumu uliporudi ulizidiwa na wingi wa mabadiliko. Kompyuta ziliwaka, lakini hakuna aliyejua kwa uhakika nani yuko wapi na ndege gani inamsubiri.

Ugonjwa huo Dallas waliufahamu vizuri. Miezi 19 kabla, mwishoni mwa Desemba 2022, Southwest, ileile iliyosifiwa kwa kutosasisha, ilikutana na dhoruba kubwa ya baridi. Mashirika mengine yalitikiswa yakasimama tena, lakini Southwest ilifuta safari takriban 16,900 na kuwakwamisha abiria zaidi ya milioni mbili wakati wa Krismasi. Programu yake ya kuwapanga upya wafanyakazi, iliyoitwa SkySolver, ilitengenezwa kutatua vurugu zijazo. Safari zilikuwa zikifutwa kwa kasi kiasi kwamba kila suluhisho lilipotoka, hali ilikuwa imeshabadilika. Wafanyakazi wakabaki kusubiri kwenye simu kwa saa nyingi ili waelezwe waende wapi, na wapangaji wakarudi kufanya kazi kwa mikono. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimelalamika kwa miaka kwamba zana hizo zimepitwa na wakati. Desemba 2023 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitangaza adhabu ya dola milioni 140.

Basi katika jimbo moja tuna mifano miwili. Mmoja ni wa shirika lililochelewa kuboresha, mwingine ni wa sasisho lililofika kila mahali kwa wakati mmoja bila kuonjwa. Anayesema "usiguse" ajibu kuhusu Desemba 2022, na anayesema "sasisha mara moja" ajibu kuhusu Julai 2024. Kama hiyo haitoshi, ipo WannaCry, shambulizi lililopitia udhaifu wa Windows. Microsoft ilitoa tiba ya udhaifu huo Machi 14, 2017, na shambulizi likaja Mei 12. Walioumia ni wale waliokaa miezi miwili bila kuiweka, zikiwemo hospitali za Uingereza.

Kwa kompyuta ya mezani ya mtu wa kawaida, mazoea mazuri yapo tayari, ila hayazungumzwi. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, hutoa masasisho yake kwa awamu: kikundi kidogo hupata kwanza, ripoti za kuanguka zikiongezeka ugawaji unasimama. Matoleo yake ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa kwa miaka mitano, na aliye kwenye toleo la muda mrefu la zamani haalikwi kuhamia jipya mpaka marekebisho ya kwanza yatoke, miezi michache baadaye. Microsoft nayo ilijifunza kwa maumivu. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji. Ugawaji ukasimamishwa, ukaanza upya katikati ya Novemba. Windows 11 ilipokuja mwaka 2021, masasisho makubwa yalipunguzwa kutoka mawili kwa mwaka hadi moja.

Wanaosifia Mac wana hoja moja ya kweli. Tangu 2019 Apple imekuwa ikizitoa programu za ulinzi nje ya kerneli na kuzipa mlango wa pembeni, hivyo programu ikikosea hufa peke yake. Mac na Linux hazikuguswa na faili 291, ila nisingeichukua hiyo kama ushahidi wa ubora wa jumla, kwa kuwa faili yenyewe iliandikwa kwa ajili ya Windows. Novemba 2024 Microsoft ilitangaza mpango wa kufuata njia inayofanana na ya Apple, pamoja na uwezo wa Windows kujitengeneza kwa mbali inaposhindwa kuwaka. CrowdStrike, kwa upande wake, sasa hugawa mafaili ya maelekezo kwa awamu na kuwaachia wateja wachague ni lini wayapokee. Mabadiliko yote hayo yangeweza kufanywa kabla ya Julai 2024, kwa sababu kugawa kwa awamu hakukuwa ugunduzi mpya.

Ubishi huu una sura nyingine kwa mwenzetu anayenunua laptop iliyotumika Houston au Arlington amtumie mdogo wake Mwanza au Eldoret. Huduma ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na mwaka wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 2026. Windows 11 haikubali rasmi vichakataji vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, kwa hiyo mashine nzima isiyo na kasoro inaweza kubaki bila ulinzi. Ubuntu 24.04 itaikubali mashine hiyo na kuihudumia hadi 2029. Kabla ya kulipa, tazama kizazi cha kichakataji na uamue mapema itatumia mfumo upi.

Na wewe unayetumia Windows leo, acha masasisho ya usalama yaendelee. Yale makubwa ya mwaka yape wiki chache. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute ufunguo wa BitLocker wa kompyuta yako, uuandike kwenye karatasi na uuweke mbali na kompyuta hiyo. Ukiwa na ofisi, zahanati au duka, muulize anayekuuzia programu ya ulinzi maswali mawili kabla ya bei: masasisho yenu yanawafikia wateja wote kwa pamoja au kwa awamu, na mashine yangu ikishindwa kuwaka, nani atakuja kuiwasha? Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.