Kuziba Tundu na Kurejesha Usikivu: Uchambuzi wa Upasuaji wa Kiwambo cha Sikio

Yapo mambo mawili ambayo wagonjwa wengi, na hata baadhi ya matabibu, huyachanganya yakawa jambo moja: kuliziba tundu lililotoboka katika kiwambo cha sikio, na kumrudishia mgonjwa usikivu wake. La kwanza ni kazi ya mikono. La pili ni hesabu ya mawimbi ya sauti, na aghalabu huamuliwa na vijifupa vitatu vilivyo nyuma ya kiwambo kuliko na kiwambo chenyewe. Mwenye kutaka kuupima upasuaji huu kwa insafu hana budi kuyatenga mambo hayo, maana sikio laweza kuzibwa vema kabisa, na mwenyewe akatoka hospitali akisikia kidogo kuliko alivyoingia.

Kiwambo hicho, ambacho upana wake haupiti milimita 10 na unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, kina tabaka tatu: ngozi nyembamba kwa nje, nyuzi za katikati zinazokipa ukakamavu, na utando telezi kwa ndani. Sauti husafiri hewani, lakini koklea, kiungo kinachoipokea huko ndani, imejaa maji. Na mawimbi ya hewa yakiyagonga maji moja kwa moja, karibu nguvu zote hurudi zilikotoka, ikapenya sehemu moja tu katika elfu. Sikio limepewa hila ya kuufidia upotevu huo: eneo la kiwambo linalotikisika ni kiasi cha milimita za mraba 55, na bamba la rikabu, kijifupa cha mwisho, linalokaa katika dirisha la koklea ni kiasi cha milimita za mraba 3.2, hata msukumo uliokusanywa mahali papana hubanwa mahali pafinyu ukazidi mara 17. Kisha nyundo na fuawe, vijifupa viwili vya kwanza, hufanya kazi ya wenzo na kuuzidisha tena mara 1.3. Jumla yake ni mara 22, ambayo kwa kipimo cha desibeli ni kama 27.

Kiwambo kikitoboka, sauti hupita tunduni ikakisukuma kwa mbele na kwa nyuma, na kwa kuwa utando hutikiswa na tofauti iliyopo baina ya misukumo ya pande zake mbili, mtikisiko hupungua, sauti nene zikipotea kwanza na zaidi. Wazee wa fani walishikilia kwamba mahali tundu lilipo ndipo penye neno. Lakini vipimo vya mtafiti Susan Voss na wenzake, vilivyofanywa katika masikio ya maiti na kuchapishwa mwaka 2001, vilionyesha kwamba wenye kuhukumu ni ukubwa wa tundu pamoja na nafasi ya hewa iliyo nyuma yake, hata watu wawili wenye tundu la kadiri moja wakahitilafiana, yule mwenye nafasi ndogo akapoteza zaidi.

Majaribio ya kuliziba tundu ni ya kale. Mwaka 1640 Marcus Banzer alieleza kijineli cha pembe ya ndovu kilichowambwa kibofu cha nguruwe, kitiwe sikioni. Karne mbili baadaye, mwaka 1841, tabibu James Yearsley wa London alifikiwa na mgonjwa kutoka New York ambaye alikuwa amejigundulia mwenyewe kwamba kipande cha karatasi kilicholoweshwa mate, kikisukumwa hadi mwisho wa tundu la sikio, humrudishia usikivu papo hapo. Yearsley akaigeuza hila hiyo kuwa tiba kwa kutumia pamba. Naye Joseph Toynbee, mwaka 1853, akaleta kisahani cha mpira chenye uzi wa fedha. Hivi vyote vilikuwa viraka vya kuvaliwa na kuvuliwa. Mgonjwa yule wa New York ametajwa vitabuni bila ya jina, nami nadhani amedhulumiwa, kwani karatasi yake, kama tutakavyoona, ingali ikitumika.

Kipandikizi cha kudumu kilianza kwa Emil Berthold, Mjerumani, aliyepandikiza ngozi juu ya tundu mwaka 1878; lakini rai yake ilipuuzwa kwa zaidi ya miaka sabini, mpaka penisilini ilipoyadhibiti majipu ya sikio, na mpaka kampuni ya Zeiss ilipotoa hadubini ya upasuaji mwaka 1953, ikamwezesha mpasuaji kuona vitu vidogo kuliko punje ya mtama akiwa na mikono yote miwili huru. Ndipo Horst Wullstein na Fritz Zöllner, Wajerumani nao, walipoifanya kazi hii kuwa elimu yenye kanuni. Kosa lao, na lilikuwa kosa lenye udhuru, ni kuitegemea ngozi. Ngozi iliyohamishwa haisahau asili yake: huendelea kuchuja jasho, kubambuka na kulimbikiza taka, na ikipata mwanya huingia sikio la kati na kuota kolesteatoma, uvimbe unaokula mifupa. Viwambo vingi vilivyozibwa kwa fahari vilitoboka tena.

Suluhu ilitoka mahali pa karibu mno. Chini ya ngozi ya panja, juu ya sikio lenyewe, umo utando mweupe unaoufunika msuli wa kutafunia, nao mpasuaji Heermann aliutangaza huko Ujerumani mwaka 1958, na mpasuaji mwenzake Storrs akaupeleka Marekani mwaka 1961. Ubora wake ni uhitaji wake mdogo: huvumilia siku kadhaa bila damu, ukijilisha kwa majimaji yanayoupenya, na wakati huo huwa kama jukwaa la miti linalosimamishwa na waashi, ngozi ya kandokando ikitambaa kwa juu na utando telezi ukitambaa kwa chini hata vikakutana.

Upasuaji wenyewe, kwa njia iliyoenea zaidi, huenda hivi. Mgonjwa hutiwa ganzi au hulazwa kwa nusukaputi. Mpasuaji hukata nyuma ya sikio, huuchukua utando wa panja, huutandaza na kuukausha mpaka ukawa mkavu kama karatasi, ili ushikike. Kisha kingo za tundu hukatwa upya, na hatua hii, ingawa ndogo, ndiyo yenye siri: katika tundu la zamani ngozi ya nje imekwisha kuungana na utando wa ndani pembezoni, mwili ukadhani kazi imekwisha, wala hautaanza tena kuponya mpaka ujeruhiwe. Baadaye ngozi ya mfereji huinuliwa pamoja na mabaki ya kiwambo, kwa hadhari kubwa ya neva ya ladha inayopita hapo, na vijifupa huguswa kimoja kimoja kuona kama vinatikisika pamoja. Sikio la kati hujazwa sifongo ya jelatini inayoyeyuka yenyewe, utando husukumwa chini ya mabaki ya kiwambo, na kila kitu hurudishwa mahali pake. Wapo wanaouweka juu badala ya chini; husaidia katika matundu makubwa ya upande wa mbele, ila pembe ya mbele huweza kujaa kovu, au kiwambo kipya kikajitenga na mpini wa nyundo, na hapo usikivu huharibika.

Katika taarifa nyingi tundu huziba kwa asilimia 80 hadi 95 ya wagonjwa. Hesabu ya usikivu haifuati hiyo. Usaha wa miaka mingi hula kwanza ncha ndefu ya fuawe, yenye damu kidogo. Na mnyororo wa vijifupa ukikatika nyuma ya kiwambo kizima, mgonjwa hupoteza kama desibeli 60, zaidi ya alizokuwa akipoteza tundu lilipokuwa wazi, maana sasa hata ile sauti iliyokuwa ikipenya hadi koklea imezuiwa. Kwa hiyo mpasuaji mwangalifu hubandika kipande cha karatasi juu ya tundu kabla ya kukata: usikivu ukipanda, vijifupa ni vizima na kiwambo pekee kitatosha, usipopanda, au ukishuka, na ajiandae kuunga mifupa. Wullstein alikwisha kuuainisha upasuaji huu kwa namna tano, na ya tatu hukilaza kiwambo juu ya rikabu yenyewe, mfano wa ndege, ambaye ana kijifupa kimoja tu.

Kwetu Afrika Mashariki matundu mengi huanza na usaha wa utotoni, na mengine kwa kofi. Hili la kofi, likiwa kavu, kwa kawaida hujiziba lenyewe ndani ya majuma au miezi michache, na dawa yake ni kuachwa bila maji wala mafuta. Lililokaa miaka ndilo la kupasuliwa. Nami naona taarifa inayosema tundu limeziba, isiseme tofauti baina ya usikivu unaopimwa kwa sauti ya hewani na ule unaopimwa kwa mtikisiko wa mfupa wa kichwa imeshuka chini ya desibeli 20, ni nusu ya taarifa. Basi wewe uliyepangiwa upasuaji huu, au uliye na mtoto aliyepangiwa, dai kipimo cha usikivu kabla ya kisu, na kingine baada ya miezi mitatu, na karatasi zote mbili uziweke.