Mshahara na Uchaguzi wa Kozi: Kuisoma Upya "Elimu ya Kujitegemea"

Kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha Machi 1967 kililenga barabara kiliposhutumu kasumba ya kikoloni ya kumthamini msomi kwa kima cha mshahara wake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walikuwa wameandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapunguzia mapato. Walifukuzwa, Mwalimu naye akakata mshahara wake mwenyewe.

Hata hivyo kijitabu kina upungufu. Kinachambua zaidi shule za msingi na sekondari. Juu ya kozi za chuoni hakisemi mengi. Wakati ule pengine haikulazimu, kwani Serikali ndiyo iliyolipa gharama na kumpangia mhitimu kazi. Tangu Bodi ya Mikopo iundwe kwa sheria ya 2004, mwanafunzi anakopa, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mtoto wa mkulima anayeuliza kama uhasibu unalipa kuliko kilimo anauliza swali la mdaiwa. Kumwita mbinafsi ni uchambuzi wa kivivu, na makada wetu wanaupenda mno. Wanaomtaka asomee kilimo waeleze kwanza nani atamwajiri kijijini, na kwa mshahara gani.