Alizima Seva, Hakuchomoa Waya

Onyesho la klasta ya seva mbili pale Mbarara lilipigiwa makofi, mimi nikiwa nimekunja mikono. Mliokuwapo mliona: fundi aliibonyeza swichi ya seva ya kwanza, ukumbi ukanyamaza, na kabla mtu hajamaliza kukohoa seva ya pili ikapanda kuwa praimari, ikapachika diski, ikachukua anwani ya IP, MySQL ikaamka. Vizuri. Lakini dakika chache kabla ya hapo ulipita mstari mmoja kwenye skrini, na kwangu onyesho liliishia pale: stonith-enabled=false, yaani STONITH, amri ya kuiua nodi isiyojibu kabla ya kurithi kazi zake, imezimwa.

"Kwa sasa tunaizima, tutaiwasha baadaye," alisema fundi. Hiyo baadaye naijua. Nimeikuta kwenye seva zilizokwisha kuota vumbi.

Tazameni mfano aliouchagua mwenyewe: chama cha akiba na mikopo, nodi moja Bwizibwera, ya pili Mbarara mjini, katikati DRBD inayonakili diski kwa itifaki C, ambayo andiko halikamiliki hadi lifike pande zote mbili, na Pacemaker juu yake ikiamua nodi ipi iwe praimari. Sasa niambieni, kwenye barabara ya Ibanda kinachokufa mara nyingi ni nini? Si seva. Ni kiungo. Greda likichimba mtaro, faiba imekwenda. Umeme ukikatika mnarani na betri zimechoka, mawasiliano yamekwenda. Seva zote mbili ziko hai, ila hazisikiani. Na Corosync yake, inayohesabu kura za nodi, ilikuwa na two_node: 1, maana yake kila moja ikibaki peke yake bado inajihesabia akidi. Bwizibwera inaamini Mbarara imekufa, na Mbarara inaamini vivyo hivyo. Bila STONITH hakuna anayelazimika kuhakikisha maiti kabla ya kurithi. Zote mbili zinapanda.

Saa nne asubuhi mama anaweka shilingi 200,000 Bwizibwera. Nusu saa baadaye mumewe anatoa 150,000 Mbarara, akaunti ileile, salio la jana. Kiungo kinarudi mchana, kerneli inaandika kwamba imegundua ubongo umegawanyika na inakata mawasiliano, kisha fundi anaitwa achague upande wa kupigwa --discard-my-data. DRBD haisuluhishi leja. Inajua bloku tu, haimjui mama wala mume. Akichagua kuitupa Bwizibwera, diski zitalingana bloku kwa bloku na zile 200,000 hazitakuwemo.

Kinachoniudhi zaidi ni jaribio lenyewe. Kuzima umeme ndilo jaribio ambamo kosa la fundi lisingeweza kuonekana, kwa sababu yeye mwenyewe aliifanya kazi ya STONITH kwa kidole chake. Aliiua nodi, akahakikisha imekufa, halafu akaisifu klasta. Angechomoa waya wa mtandao kati ya zile mbili tungeona praimari mbili mezani, na makofi yangeisha.

Alipoulizwa, alijibu kwamba STONITH ikiwashwa na kiungo kikikatika, amri ya kuzima haifiki ng'ambo, na klasta inaganda. Naam, inaganda. Kaunta ikifungwa saa mbili watu watanung'unika. Leja ikiwa mbili watakwenda polisi.

Na dawa ipo, tena si ghali: kura ya tatu. Mashine ndogo yenye corosync-qnetd, hata Nakivale kwenye paneli ya sola, mradi njia yake isipite kwenye faiba ileile. Ongeza sbd yenye watchdog, na upande ulionyimwa kura unajizima wenyewe bila kungoja amri ya mtu. DRBD 9 nayo inakubali shahidi asiye na diski.

Wanaodhani haya ni ya maskini wasiokuwa na vifaa waikumbuke GitHub, tarehe 21 Oktoba 2018. Kiungo kilikatika kwa sekunde 43 tu wakati wa kubadilisha vifaa vya mtandao. Wale walikuwa na kura zao kamili, ila nakala haikuwa ya papo kwa papo: programu ikapandisha hifadhidata za pwani ya magharibi ya Marekani, huku za mashariki zikiwa na maandiko ambayo hayajavuka. Huduma ilichukua saa 24 na dakika 11 kutengemaa. Sekunde 43! Kwetu hizo ni za kumngoja boda avuke barabara.

Zamani, enzi za Heartbeat ya Alan Robertson, faili la haresources lilikuwa mstari mmoja, na watu walivuta kebo ya serial kati ya seva mbili ili mapigo ya moyo yasitegemee swichi ya mtandao pekee. Kebo ile ilikuwa ya kizamani na haikuweza kufika Mbarara, lakini aliyeifunga alikuwa amejiuliza swali ambalo fundi wetu hakujiuliza: kiungo kikikatika, je?

Mengine ya Pacemaker, kwa haki yake, aliyaweza: ordering na colocation alizipanga sawasawa, notify=true aliikumbuka.

Kuhusu nakala rudufu watu wameshachoka kunisikiliza, lakini nasema tena: slaidi yake ya mwisho iliandika kwamba kwa DRBD "data iko salama sehemu mbili". Karani akifuta jedwali Bwizibwera, itifaki C itahakikisha limefutika Mbarara pia kabla hajaondoa kidole. GitLab walikuwa na nakala ya hifadhidata Januari 2017, na bado walipoteza takriban saa sita za data.

Nasikia onyesho litarudiwa. Nitakaa kiti cha mbele, karibu na waya.