Neno "Mungu" katika Tafsiri za Unguja

Wafasiri wawili wa Unguja, kila mmoja kwa dini yake, walilikuta neno moja na wote wakalichukua. Askofu Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, alilitia katika Agano Jipya. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, alilitia katika Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969. Neno lenyewe ni la Kibantu, nduguye Mulungu wa Wayao. Washairi wa pwani huliandika Mngu. Katika umoja lafuata upatanisho wa watu, Mungu anajua. Wingi wake, miungu, umeshika kiambishi cha miti na mito.

Taabu ya mfasiri wa Qurani ilikuwa kubwa zaidi. Kiarabu kina ilahi, jina la kila kiabudiwacho, na Allah, lisilo na wingi. Kiswahili kina mungu tu. Katika "hapana mungu ila Mungu" msomaji wa herufi za Kirumi husaidiwa na herufi kubwa. Msikilizaji hana msaada huo, wala hati ya Kiarabu, waliyoizoea wazee wa Mji Mkongwe, haina herufi kubwa. Hapo ndipo Mwenyezi, yaani mwenye enzi, lifanyapo kazi. Wanaolihesabu kuwa pambo la heshima wakosea: ndilo lipambanualo, na Sheikh Farsy alifanya vyema kulishika.

Kwa Steere uzito uko katika neno Bwana, alilolitumia kwa Kyrios la Kiyunani. Unguja bwana ni mume, tena ni mwenye mtumwa. Kanisa Kuu la Mkunazini lilijengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na wengi wa waumini wa kwanza wa misheni walikuwa watumwa waliookolewa. Walifundishwa kumwomba Mwokozi kwa jina lile lile walilomwitia aliyewamiliki. Mola lilikuwapo, nalo katika Kiswahili limebaki la Mungu peke yake, ijapokuwa asili yake ya Kiarabu, maula, yaweza kuwa bwana na hata mtumwa aliyeachwa huru. Lakini Kyrios nalo lilikuwa jina la mwenye watumwa, na Paulo alijiita mtumwa wa Kristo. Mola lingaliwapunguzia uchungu wasikilizaji, na sentensi hiyo ya Paulo ingalipoteza nusu ya maana yake. Steere alifasiri sawasawa. Ukali wa neno ulitoka sokoni.